Shabiki Wangu wa Ghorofa ya Juu

Katika ploti yetu ya Kayole kila mtu alikuwa na njia yake ya kuniambia nizime. Jirani wa mlango wa pili aligonga ukuta kwa mpini wa ufagio. Wa chini yangu aligonga dari yake kwa mwiko, na nikitega sikio vizuri niliweza kujua kama mwiko ulikuwa mkavu au ulikuwa umetoka kwenye ugali. Msimamizi wa ploti hakugonga kitu. Alisimama uani akaniita kwa nambari ya nyumba yangu, kama anaita mfungwa. Sikuwachukia hata kidogo. Ule mwiko niliurekodi, na mpaka leo haujapata mpinzani.

Ninachotengeneza ni vigumu kukipa jina. Ukisema ni muziki, watu wanangoja ngoma ianze, na haianzi. Mama yangu, ambaye bado anakaa Pumwani nilikozaliwa, husema "zile kelele zako" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi, halafu huniuliza kama nimekula. Ninarekodi vitu kwa simu, naviingiza kwenye laptopu yangu kuukuu, navikata, navivuta mpaka vinarefuka, navigeuza mbele nyuma, navipanga kimoja juu ya kingine mpaka hakuna anayejua vilitoka wapi. Cherehani ya fundi wa Spine Road, ukiivuta vya kutosha, inakuwa mvua. Mlango wa choo cha ploti yetu una mlio ambao watu wa bendi wangeutafuta miaka wasiupate. Naupenda ule mlango. Walipoutia mafuta niliumia moyo.

Kifaa changu kikuu ni kisahani chembamba cha shaba, saizi ya kifuniko cha soda, nilichokitoa ndani ya kengele ya mlango iliyokufa. Ukikifunga kwenye waya na kukibandika juu ya kitu, hakishughuliki na hewa kama maikrofoni nyingine. Kinasikia mtikisiko wa kile kitu chenyewe. Kibandike kwenye dirisha, utasikia dirisha linavyousikia mtaa.

Katikati ya ufagio, mwiko na msimamizi, nilikuwa na shabiki mmoja. Alikuwa bibi wa Kikuyu aliyekaa juu yangu, ghorofa ya mwisho, mjane aliyeingia ploti ile rangi ikiwa bado mbichi. Sote tulimwita shosho, yaani nyanya. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na mwenye maneno mengi kuliko redio. Ukikutana naye kwenye ngazi, hukupata nafasi ya kusema lako. Alikupa habari za kanisa, za goti la rafiki yake, za bei ya viazi waru, kisha akakupiga begani akashuka zake. Yeye peke yake hakunigongea. Siku moja nilimsimamisha nikamuuliza kama kelele zangu zinamsumbua, naye akanitazama usoni kwa makini, akatabasamu, akasema, "Endelea tu, kairitu. Ni kuzuri."

Kairitu ni msichana kwa Kikuyu, na mimi nilikuwa nimeshaupita umri huo, lakini moyo wangu ulijaa. Nilishuka ngazi nikijiona mtu. Kila nilipomaliza kipande kipya nilikicheza mara moja kwa sauti ya juu, spika ikitazama dari, kwa ajili yake.

Sasa lazima niseme kuhusu maji, maana bila hayo hakuna kitu cha kusimulia. Maji ya mgao yalikuja siku yalipotaka. Hayakuwa na nguvu za kupanda, kwa hiyo tulichota kwenye mfereji mmoja uani. Lakini paipu za zamani zilipita kwenye jikoni zote mpaka juu, kavu, na maji yalipokaribia ploti yalisukuma upepo mbele yake ndani ya paipu hizo. Basi paipu zikakohoa. Kwanza pumzi ndefu, kisha vikohozi vifupi vya mfululizo, kisha mlio kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba kanisani. Mwenyeji wa Kayole anaweza kulala katikati ya harusi, lakini kikohozi hicho kitamwamsha. Wa kwanza kufika kwenye mfereji alikuwa karibu kila mara shosho, na mitungi yake midogo ya lita tano iliyofungwa vitambaa vyekundu. Watu walimtania kwamba hulala na sikio kwenye paipu.

Kwa kawaida kisahani changu kilibandikwa kwenye paipu ya jikoni kwangu. Siku moja nilikipata kikohozi chote, kizima, tangu pumzi ya kwanza. Nilikifanyia kazi kwa wiki nzima. Nilikirudia, nikakipanga juu yake chenyewe, nikakifanya kikohoe kama paipu za mji mzima. Jumamosi asubuhi, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza, nilifungua mlango na madirisha, nikaelekeza spika juu, nikabonyeza.

Mgao ulikuwa umechelewa kuliko kawaida. Hilo sikulifikiria.

Nilidhani ule mtikisiko wa ngazi ni sehemu ya kipande. Nilipotoka nje nikaona ploti nzima imeteremka. Kulikuwa na mitungi, ndoo, beseni, sufuria ya biriani. Kulikuwa na baba mmoja mwenye povu la kunyoa upande mmoja wa uso. Msimamizi alikuwa amefungua mfereji mpaka mwisho na kuinama chini yake kama anayechungulia kisima, na mfereji hautoi hata tone, na paipu zinakohoa, zinakohoa. Walianza kubishana. Wengine walisema kuna kizuizi. Wengine walisema watu wa ploti ya pili wamefunga valvu. Ni mama anayeuza chapati pale langoni aliyegundua kwamba kikohozi hakitoki chini. Alipanda akiufuata ule mlio ngazi kwa ngazi mpaka mlangoni kwangu, mtungi mtupu mkononi, akasimama akaitazama laptopu.

"Kumbe maji ni wewe," akasema.

Sitaandika yote yaliyofuata. Nilihukumiwa uani, hadharani, niwe wa mwisho kwenye foleni mpaka watakaposahau, na watu wa Kayole hawasahau mambo ya maji. Baba mwenye povu alisema kama ningekuwa dada yake angenirudisha Pumwani. Lakini tayari baadhi walikuwa wanacheka, na mama chapati aliomba nimtumie ule mlio kwenye simu, anamtaka mume wake aamke mapema.

Nilipokuwa nikiomba radhi huku na huku niliona kwamba foleni haikuwa na vitambaa vyekundu. Ploti nzima ilikuwa imeshuka, hata aliyekuwa na homa, ila shosho. Nikapata wasiwasi. Nikafunika muhogo wa nazi niliopika, nikapanda kwake.

Nilibisha hodi. Nilibisha tena. Mlango haukuwa umefungwa, nikausukuma. Alikuwa amekaa kwenye veranda ya nyuma, mgongo kwangu, akichambua maharagwe kwenye sinia, na mitungi yake imepangwa miguuni tayari. Nikamwita. Nikamwita kwa nguvu. Nilipofika begani kwake akaruka, maharagwe yakamwagika, kisha akaniona akacheka. Akaelekeza kidole ng'ambo, juu ya kiwanja kitupu kilicho nyuma yetu, kwenye ua wa ploti ya jirani, ambako mfereji wao ulikuwa peke yake kwenye jua.

"Hawajatoka bado," akasema.

Hapo nikaelewa. Maji huja kwetu na kwao wakati mmoja. Shosho hakuwa akisikia paipu. Alikuwa akitazama wanawake wa ploti ya jirani wakikimbia na mitungi, naye anashuka. Leo walikimbia wa kwetu tu, na hawa yeye hawezi kuwaona kutoka pale.

Nilichuchumaa mbele yake ili aone mdomo wangu, nikamuuliza tangu lini. Aliweka sinia chini kwanza. Kisha akaniambia kwamba sikio moja lilikwenda mwaka aliomzika mzee wake, na la pili likalifuata polepole. Ndiyo maana alizungumza mfululizo. Ukizungumza wewe, alisema, hakuna anayekuuliza kitu.

Nilimhurumia, ndiyo, lakini sitadanganya, kuna kitu kingine kilichonijia kabla ya huruma.

"Na muziki wangu, shosho?"

Akautazama mdomo wangu. "Muziki gani?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa dhati, nimechuchumaa pale katikati ya maharagwe. Miezi yote ile nilikuwa nikiitazamisha spika dari! Kisha nikaanza kucheka, na yeye akacheka bila kujua tunacheka nini, na tukaokota maharagwe pamoja.

Alinishika mkono nisimwambie mtu. Mwanawe wa kiume, anayekaa Ruiru, alikuwa amemjengea nyumba shambani Murang'a na kila akija alimwambia ahamie. Alikuwa ameshasema wazi kwamba siku mama yake atakaposhindwa kujitegemea kwenye ghorofa, hakutakuwa na mjadala. Shosho hakuitaka ile nyumba. Kanisa lake lilikuwa hapa, chama chake cha kuweka akiba kilikuwa hapa, marafiki zake wa tangu ujana wote walikuwa kati ya hapa na mtaa wa Tena. Kule angezungumza na nani, aliniuliza, na ng'ombe?

Nikamwambia jambo lenyewe dogo, maji yakija nitamgongea mlango, au nitamchotea mwenyewe. Akakataa kabla sijamaliza.

"Mtu akianza kuchotewa maji, kairitu, ameshaanza kuhama."

Nilijaribu kubishana naye, lakini kubishana na mtu asiyekusikia ni kazi ya bure, anafumba macho tu na wewe umekwisha.

Basi tukaendelea na siri yetu, na pengine ingetosha, kama si kile kiwanja kitupu. Mwezi uliofuata malori ya mawe yalianza kufika. Kayole ukiona kiwanja kitupu ujue ni ghorofa iliyochelewa. Wakachimba msingi, wakasimamisha nguzo, wakamwaga zege. Mimi nilishuka na simu kurekodi mashine ya kuchanganya kokoto, nikifurahi kama mtoto, na nilipoinua macho nikamwona shosho kwenye veranda yake akitazama nguzo zile. Hakuwa anafurahi. Ghorofa ya kwanza ilikata nusu ya ua wa jirani. Ya pili ilipoanza, alikuwa akisimama juu ya kigoda ili aone mfereji.

Nilikwenda kwa fundi wa redio aliye karibu na stendi, akanipa spika kubwa ya besi iliyotolewa kwenye gari bovu, karatasi yake imechanika lakini moyo wake mzima. Nikaipigilia chini ya ubao mpana. Nikachukua waya kutoka kwenye kisahani changu cha jikoni, nikautoa dirishani, nikaupandisha mpaka kwake na kuuingiza kwenye amplifaya ndogo, kisha kwenye ile spika. Nikamkalisha, nikamvua ndara, nikaiweka miguu yake juu ya ubao. Nikashuka mbio, nikaipuliza paipu yangu kwa mdomo kwenye tundu la mfereji uliokufa, nikapanda mbio. Alikuwa amejishika kifua.

"Kuna mtu ndani," akasema.

Siku za kwanza zilikuwa balaa. Kisahani hakichagui. Mtu akiburuta meza ghorofa ya chini, ubao unatikisika. Mtu akifunga mlango, ubao unatikisika. Shosho alishuka na mitungi yake kwa sababu ya kitanda cha watu waliooana karibuni, na nilikuwa na kazi ya kumweleza, kwa mdomo mpana na bila sauti, kwamba hayo hayakuwa maji. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Lakini akili yake ilikuwa kali. Siku ya mgao wa kweli ilipofika alikuwa wa tatu kwenye foleni, na mgao uliofuata alikuwa wa kwanza, vitambaa vyekundu mbele ya vyote. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa hukumu yangu, na sijawahi kuifurahia foleni kama siku ile. Ile ghorofa mpya ikafika juu ya veranda yake, ikamnyima hata jua la asubuhi, na haikumfanya lolote.

Kisha mwanawe akaja. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nami nilikuwa nikifanya kazi polepole, kwa sauti ya chini kwa heshima ya siku, nikasikia viatu vya mtu mzito vikipanda, kisha mburuto wa mifuko. Niliujua ule mlio. Ni ile mifuko mikubwa ya mistari ambayo watu huhamia nayo. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amempigia mama yake simu wiki nzima, simu inalia na haipokelewi, na akajumlisha mwenyewe kwamba hasikii.

Nilikuwa ninajiambia hakuna neno, ubao upo, maji yakija atamwonyesha. Hapo hapo stima zikapotea.

Laptopu yangu ikabaki inawaka kwa betri, lakini spika zilinyamaza, friji ya jirani ikanyamaza, na nikajua kwamba kule juu ubao nao umekufa. Nilipanda bila viatu. Mlango ulikuwa wazi. Mwana alikuwa sebuleni akikunja blanketi, mtu mpole, jasho usoni, akiniamkia kwa adabu. Alisema mama anakataa kuzungumza naye, yuko jikoni anaosha vikombe.

Nilikwenda jikoni. Vikombe vilikuwa vikavu. Shosho alikuwa amesimama kando ya sinki, kiganja cha kushoto kimeshika paipu kavu inayopita pale kwenda juu, ameishika kama mtu anayemshika mgonjwa kumpima homa. Alinikonyeza. Nilifungua mdomo kumweleza kuhusu stima, akanitikisia kichwa, kwamba anajua.

Mwanawe akaja nyuma yangu na blanketi mkononi. Alianza kusema, kwa upole na kwa sauti kubwa, kwamba yeye hamlazimishi, ila anaogopa, kwamba mtu asiyesikia simu hatasikia hata moto. Shosho hakumtazama mdomo. Alikuwa ameitazama paipu.

"Maji yanakuja," akasema.

Tulitega masikio sote wawili. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na watoto uani, na kwaya ya mbali, basi. Yule mwana alinitazama kwa masikitiko, nami nikaanza kutafuta la kusema. Kisha paipu ikavuta pumzi yake ndefu, ikakohoa, na milango ikaanza kufunguka ploti nzima.

Shosho alichukua mitungi ya vitambaa vyekundu akamwekea mwanawe mikononi, juu ya blanketi.

"Sisikii," akamwambia. "Nakwambia mimi, usije ukaambiwa na watu. Masikio yamekwisha. Lakini maji ya nyumba yangu nayajua. Shuka, utapoteza foleni."

Alishuka. Mtu mzima yule, na suti ya kanisani, alishuka na kupanda mpaka kila chombo kikajaa, na kila aliporudi uso wake ulikuwa umelegea zaidi, sijui kwa uchovu au kwa nini. Alikunywa chai. Alimfokea mama yake kidogo kwa kumficha, naye hakusikia, au alisema hivyo. Alipoondoka mifuko ya mistari ilikuwa imekunjwa chini ya kwapa lake, mitupu, na akaniomba nambari yangu ya simu, ili akitaka kuzungumza na mama apigie kwangu. Nilimpa. Nilikuwa nimefurahi hadi kulia, na nililia, kwenye ngazi, nikijifanya napangusa jasho.

Stima ziliporudi jioni nilipanda kuchukua vitu vyangu. Nilifikiri ni heshima. Alikuwa hahitaji tena ubao wangu. Kiganja chake kilimtosha, na pengine kilikuwa kimemtosha kwa wiki nyingi. Nikainama nianze kung'oa waya. Shosho akavua ndara, akaweka miguu yote miwili juu ya ubao, akanizibia njia.

"Ile ya jana," akasema, "mahali inapopanda, inapanda, halafu inaanguka. Unaikata mapema. Iache ianguke mpaka chini."

Sikumwelewa mara moja. Ile ya jana ilikuwa kazi yangu, cherehani na mashine ya kokoto, niliyoicheza jikoni karibu na paipu nikiosha vyombo, spika ikiitikisa paipu. Kisahani hakichagui. Kila nilichocheza tangu siku nilipopandisha ule waya kilikuwa kimepanda kwake, na yeye alikuwa amekaa hapo, miguu mitupu, akiumeza muziki wote, mzuri na mbaya.

Nikamuuliza, kwa mdomo mpana, kama ni kuzuri. Alifikiri.

"Nyingine ni mbaya sana," akasema. "Usiuondoe ubao huu."

Nilishuka kwangu nikafungua ile ya jana. Niliirudisha ile sehemu niliyoikata, nikaiacha ianguke mpaka chini. Jirani wa ufagio akagonga ukuta. Mwiko ukagonga kutoka chini, mkavu. Kisha kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile nikasikia kisigino kikigonga juu ya dari yangu, mara moja, kwa nguvu, na nilijua kinataka nini. Nikaongeza sauti.